Mwenye Miaka 16 na Sanduku la Kura

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama mkutanoni. Yachapishwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuwahi kuhudhuria.)



Tumesimama jioni hii kuzungumza jambo ambalo baadhi yenu, lilipotangazwa, mlilicheka. Twajua mlilicheka, kwani nasi tulikuwapo barazani. Mzee wetu mmoja alisema: "Kura yangu mimi mwenye mvi haihisabiwi, leo mwataka kuileta na ya mtoto?" Suala lenyewe ni hili: je, yapasa chama chetu kidai kwamba umri wa kupiga kura uteremshwe kutoka miaka 18 hadi miaka 16? Kamati ilipolizungumza iligawanyika, na sisi tuliopewa kazi ya kulieleza hatukuwa upande mmoja. Twalisema hilo mapema ili msije mkadhani kwamba mnapakuliwa chakula kilichokwisha kutafunwa.

Kicheko cha mzee wetu twakiheshimu. Mtu aliyepanga mstari tangu alfajiri mwezi wa Oktoba 2015, kisha tarehe 28 ya mwezi huo akasikia kwamba uchaguzi mzima wa Zanzibar umefutwa, kisha akatakiwa arudi kituoni tarehe 20 Machi 2016 kana kwamba hapakuwa na lililotokea, hawezi kuelezwa utukufu wa kura asitabasamu. Lakini natutazame vizuri kicheko hicho chamwelekea nani. Ikiwa kura zetu zilifutwa, hazikufutwa na mtoto. Dhulma aliyotendewa mtu mzima haiwezi kuwa hoja ya kumfungia mlango kijana. Ikiwa ni hoja ya kitu chochote, basi ni hoja ya kuzidisha idadi ya wenye kuidai haki hiyo.

Yafaa kwanza tukumbushane njia tuliyoipita, kwani wengi wa vijana walioko hapa hawakuhadithiwa, na sisi wakubwa aghlabu twapenda kusahau. Mwezi wa Julai 1957 visiwa hivi vilichagua kwa mara ya kwanza wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Viti vilivyogombewa vilikuwa 6 tu. Aliyeruhusiwa kupiga kura alikuwa mwanamume peke yake, tena awe ametimia miaka 25, tena awe amepenya katika tundu la sindano la masharti ya kusoma, ya mali na ya kipato. Mama zetu wote walikuwa nje. Kijana wa miaka 24, ajapokuwa mwalimu wa skuli mwenye kuwafundisha watoto maana ya serikali, alikuwa nje. Mchukuzi wa bandarini asiyejua herufi na asiye na shamba, aghlabu naye alikuwa nje.

Mwezi wa Januari 1961 wanawake wakaingia. Na uchaguzi ule ndio ambao wazee wetu wa Pemba hawausahau, kwani jimbo la Chake Chake liliamuliwa kwa tofauti ya kura 1. Kura moja, ndugu zetu! Chama cha Afro-Shirazi kikapata viti 10, Hizbu viti 9, na ZPPP viti 3. Nchi ikakwama, ukaitishwa uchaguzi mwingine mwezi wa Juni mwaka ule ule, nao ukaandamana na fujo zilizoua watu 68. Ilipofika 1963 ndipo masharti ya mali na kusoma yakaondolewa, na kila mtu mzima, mume kwa mke, akapata kura yake. Kisha zikaja zama nyingine. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Wazanzibari hawakumpigia kura Rais wa Zanzibar hadi mwaka 1980. Kijana aliyekuwa na miaka 16 siku ya Mapinduzi alikuwa amekwisha kuvuka miaka 30 alipoipata karatasi hiyo mkononi, nayo ilikuwa na mgombea mmoja tu.

Twataja haya si kwa kupenda kuchimbua makaburi. Twataka muone kwamba mpaka baina ya mwenye kura na asiye na kura haukuteremka kutoka mbinguni. Uliwekwa na watu na ukasogezwa na watu, mara kwa ukarimu, mara kwa woga, mara kwa hisabu ya nani atafaidika. Umri wa leo, yaani miaka 18, umeandikwa mahali pawili: katika kifungu cha 5 cha Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, na katika kifungu cha 7 cha Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984. Tafadhalini lishikeni hilo la mahali pawili, tutalirejea.

Sasa tuwatazame wenzetu wa nje, na khasa watu wa visiwani, kwani mtu wa kisiwa humwelewa mtu wa kisiwa. Kipo kisiwa kiitwacho Isle of Man, baina ya Uingereza na Ireland, chenye watu wapatao 84,000, ambao ni wachache mno ukiwapima na watu wa Pemba peke yake. Kisiwa hicho kina bunge lake chenyewe. Mwaka 1881 kiliwapa kura baadhi ya wanawake wenye mali, miaka 37 kabla ya London kufanya hivyo. Mwaka 2006 kikawapa kura wenye miaka 16. Jersey na Guernsey, navyo ni visiwa vidogo, vikafuata mwaka uliofuata. Malta, ambayo ni visiwa na ni dola kamili, ilikwenda kwa hatua: mwaka 2015 vijana wa miaka 16 walipiga kura za mabaraza ya miji na vijiji, watu wakatazama, bahari haikupanda, mwezi wa Machi 2018 bunge lao likateremsha umri kwa chaguzi zote. Nchi zisizo za visiwa nazo zimo. Brazil iliwapa kura wenye miaka 16 katika katiba yake ya 1988, lakini kwa khiari yao, ilhali mtu mzima hulazimishwa na sheria kupiga kura. Austria ilifanya hivyo mwaka 2007.

Wala tusidanganyane kwamba dunia nzima yaelekea upande mmoja. Kule Oman, waliko jamaa zetu wengi, raia huchagua Baraza la Shura akiwa ametimia miaka 21. Kameruni umri ni 20. Norway ilijaribu kura ya miaka 16 katika mabaraza 20 ya wilaya mwaka 2011, wataalamu wakachunguza, na nchi haikuuteremsha umri huo kwa wote. Walioutazama uchunguzi wa Norway walisema vijana walijitokeza vizuri, walakini hawakuonekana kuwa wamekomaa kisiasa kuliko wenzao wa umri huo huo ambao hawakupewa kura. Hilo nalo tulihisabu. Kura peke yake haimfanyi mtu kuwa na akili.

Khabari ya Scotland ndiyo iliyotushughulisha zaidi. Mwezi wa Septemba 2014 watu wa Scotland waliulizwa kama wataka nchi yao ijitenge na Uingereza au ibakie. Kwa kura ile moja, wenye miaka 16 na 17 waliruhusiwa, na zaidi ya 100,000 kati yao wakajiandikisha. Baadaye Tume ya Uchaguzi ya huko iliuliza watu, na katika wenye miaka 16 na 17 walioulizwa, 75 katika kila 100 walisema walipiga kura. Katika wale wa miaka 18 hadi 24, walikuwa 54 tu. Lau wangekuwa watoto wasiojali, wangelala nyumbani. Mwaka uliofuata bunge la Scotland likateremsha umri kwa chaguzi zake lenyewe, na vijana hao wakapiga kura mwezi wa Mei 2016. Lakini kwa bunge kubwa la London umri ukabaki 18. Kijana yule yule, katika mtaa ule ule wa Edinburgh, alikuwa mtu mzima mbele ya bunge lake na mtoto mbele ya bunge la London. Mwezi wa Julai 2025 ndipo serikali ya London nayo ikatangaza kwamba yataka umri wa 16 kwa nchi nzima.

Hapo ndipo tulipokuombeni mshike la mahali pawili. Rais wa Zanzibar, Wawakilishi na Madiwani wetu huchaguliwa chini ya Katiba ya Zanzibar, na Tume yetu ina daftari lake. Rais wa Muungano na Wabunge wana katiba yao na Tume yao. Kwa hivyo kuteremsha umri kwa chaguzi za Zanzibar ni jambo lililomo mikononi mwa Baraza la Wawakilishi, kwa thuluthi mbili za wajumbe wake. Thuluthi mbili hizo sisi hatuna, na wala hatukuja kukuahidini kwamba tutazipata kesho. Lakini mtu asituambie kwamba ni lazima tungojee Dodoma ifikiri kwanza.

Sasa tuingie ndani ya nyumba yetu. Hoja iliyotugeuza baadhi yetu haikutoka Malta wala Scotland. Ilitoka katika daftari la wapiga kura.

Mtazameni kijana wa Pemba, au wa shamba huku Unguja, afikapo miaka 18. Amemaliza Kidato cha Nne, matokeo yametoka, mazuri au mabaya, na nyumbani hapana kazi. Mmoja amevuka bahari kwenda mjini kwa shangazi yake. Wa pili yuko Nungwi au Paje akitandika vitanda vya watalii. Wa tatu yuko Kariakoo akiuza nguo. Wa nne anangojea viza ya Muscat, na kila ijumaa mama yake auliza kama imetoka. Huo ndio mwaka ambao sheria imeuchagua kumwambia: rejea kwenu, uthibitishe kuwa u mkaazi, ujiandikishe. Nyote mwakumbuka kwamba katika uandikishaji wa kabla ya uchaguzi wa 2005 palikuwa na sharti la kukaa jimboni miezi 36 mfululizo. Mwakumbuka kuwa sheria ya mwaka huo huo wa 2005 ilileta kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, nacho ni cha aliyetimia miaka 18, na kwamba bila ya kitambulisho hicho hapakuwa na kuandikwa. Na hapana haja ya kumhadithia mtu wa Pemba uandikishaji wa mwaka 2009, ulipoanza, ukasimamishwa kwa ajili ya mzozo wa vitambulisho, kisha ukaanza tena. Wangapi waliokwenda kwa sheha mara tatu na nne wakaambiwa waje kesho? Wengine kesho hiyo iliwakuta wamekwisha kupanda meli.

Sasa mtazameni mwenye miaka 16. Yuko nyumbani. Usiku alala chini ya bati la baba yake, na asubuhi yuko Kidato cha Pili au cha Tatu. Jina lake limo katika daftari la skuli, tarehe yake ya kuzaliwa imeandikwa siku alipoingia darasa la kwanza, zamani, kabla ya mtu yeyote kufikiri kwamba tarehe hiyo itakuwa na faida ya siasa. Majirani wamjua, mwalimu amjua, mwenye duka amjua na deni lake. Katika maisha yake yote hapatapatikana tena wakati ambapo ni rahisi hivyo kuthibitisha kwamba mtu huyu ni nani, ana miaka mingapi na ni mkaazi wa wapi. Akiandikwa wakati huo, atakapokwenda Paje au Dar es Salaam atakwenda akiwa na jina lake daftarini, na kazi ya kulihamisha jina lililomo ni nyepesi kuliko kazi ya kuliingiza ambalo halijawahi kuwamo.

Hili la Austria nalo laingia hapa. Wataalamu walipozichungua orodha za wapiga kura katika baadhi ya miji ya huko, waliona kwamba wenye miaka 16 na 17 walijitokeza kuliko wale wa 18 hadi 20. Sababu si fumbo: mwenye miaka 16 yungali kwao, na mama akitoka kwenda kituoni hutoka naye.

Hapo watasimama watu kutuuliza, na wana haki ya kuuliza: je, nyinyi si ndio mliopiga kelele miaka yote kwamba daftari limeingizwa watoto? Leo mwataka waingizwe kwa sheria?

Ndiyo, ni sisi, na malalamiko hayo hatufuti hata neno moja. Lakini tulilalamikia nini? Tulilalamikia uongo. Mtoto wa miaka 14 aliyeandikwa kuwa ana 18 hakupewa haki yoyote. Alipewa karatasi akaelekezwa pa kuitumbukiza, na uongo ule ulikuwa wa yule mkubwa aliyemwandika. Mwenye miaka 16 aliyeandikwa kuwa ana miaka 16, kwa jina lake na kwa cheti chake, ni jambo jingine kabisa.

Walakin hatuwezi kuficha kwamba hapa pana khatari ya kweli, na ndipo tulipobishana katika Kamati mpaka chai ikapoa. Mwenye kughushi 18 ataghushi na 16. Na uso wa mtoto wa miaka 13 u karibu zaidi na uso wa 16 kuliko na uso wa 18, kwa hivyo wakala wetu kituoni atapata tabu zaidi kupinga. Mwenzetu mmoja katika Kamati, ambaye amekuwa wakala tangu uchaguzi wa vyama vingi wa 1995, alituambia kwamba kumpinga mtoto mbele ya polisi ni kazi ya mtu aliyekwisha kuaga nyumbani kwake. Jawabu letu ni kwamba kila tutakapodai miaka 16, katika sentensi hiyo hiyo tudai cheti cha kuzaliwa kiwe ndicho shahidi, wala si kauli ya sheha. Na orodha ya wapya wote ibandikwe katika kila shehia ikiwa na tarehe zao za kuzaliwa, kila mama aisome. Kinamama wajua nani alizaliwa mwaka gani kuliko mashine yoyote ya Tume. Ikiwa Serikali itakubali umri na kukataa masharti haya, basi na tuukatae umri. Hilo twalisema kwa uwazi kabisa, kwani haki iliyoingizwa katika daftari bovu huzidi kulibovusha.

Khatari ya pili ni mwalimu. Tumetoka kumwepuka sheha, je, hatutamwangukia mwalimu mkuu? Naye ni mtumishi wa Serikali, naye ana watoto wa kuwalisha na uhamisho wa kuuogopa. Tumewaona watoto wa skuli wakisimamishwa juani kando ya barabara wakipunga vibendera kumngojea mkubwa ambaye gari yake ilipita bila ya kioo kuteremshwa. Leo wasimamishwa kupunga. Wakipata kura, watapangwa mistari kwenda kituoni. Sisi hatuna dawa kamili ya hili. Twasema kwamba skuli itoe orodha na vyeti tu, uandikishaji usifanywe uani pa skuli, na siku ya kura skuli ifungwe, wala sare ya skuli isionekane kituoni. Dawa iliyobaki ni ile ile tuliyonayo watu wazima, nayo ni siri ya kura. Mfanyakazi wa Serikali amepangwa mistari kabla ya kijana huyu, na akifika nyuma ya kile kibanda huwa peke yake na nafsi yake.

Wasemao kwamba kijana atafuata tu kauli ya baba yake, twawaomba wakumbuke kuwa hoja hiyo haikuzaliwa jana. Kila palipozungumzwa kura ya wanawake duniani ilisemwa kwamba mke atafuata kauli ya mume, na kwa hivyo mume atakuwa na kura mbili. Mabibi mliomo humu ndani mwajua wenyewe mlivyozifuata kauli hizo. Hatutaki kukuulizeni mbele ya waume zenu. Na kwa upande wa vijana, yule mwenye mtoto wa miaka 16 nyumbani, atuambie ni jambo gani alilomwamrisha mwaka huu likatendeka bila ya kurudiwa mara tatu.

Ipo hoja nyingine ambayo husemwa sana, nasi hatuitumii. Husemwa kwamba mtu akiweza kuozwa au kufanya kazi nzito kabla ya miaka 18, basi aweza kupiga kura. Hoja hiyo ina makali, lakini hukata upande usiotakiwa. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya 2011 yamhisabu aliye chini ya miaka 18 kuwa ni mtoto, na ulinzi huo hatutaki uguswe hata kidogo. Mtoto anayeozwa apewe skuli. Kumpa kura hakumtoi alikotiwa. Twataka kuongeza haki moja bila ya kuondoa kinga hata moja, na nchi zote tulizozitaja zilifanya hivyo hivyo: kijana wa Malta apiga kura akiwa na 16, na kwa mambo mengine bado ni mtoto wa watu.

Sasa tuseme na nafsi zetu, ndugu wanachama, na hapa hatutapigiwa makofi. Ni nani waliobeba viti mlivyovikalia jioni hii? Ni nani waliobandika matangazo usiku, wakakimbizwa na mbwa? Ni nani huvifunga vipaza sauti juu ya paa la gari, wakashika bendera mbele ya msafara, na mabomu ya machozi yakianza huwa wa kwanza kuvuta moshi wake? Wengi wao hawajafika 18, sisi twajua, wala hatujawahi kuwauliza vyeti vyao. Vyama vya zamani, vyote pande zote, vilikuwa na jumuiya zao za vijana vilizozituma hivyo hivyo, na baadhi ya wazee wetu mlioko mbele hapa mlikuwa miongoni mwao. Kazi ikiisha, ajenda ikifika penye maamuzi, huambiwa: "Vijana tokeni nje kidogo, wakubwa wazungumze." Hata jioni hii wametolewa, Bwana Mwenyekiti, wamekaa pale ngazini. Chama kinachomwona mwenye miaka 16 kuwa ametosha kuvuta moshi wa mabomu na hakutosha kushika karatasi ya kura, kijitazame.

Imebaki hisabu, na twajua wapo wanaoifanya vidoleni hivi tunavyozungumza. Mwaka 1995 tofauti baina ya wagombea wawili wa Urais wa Zanzibar ilikuwa kura 1,565 tu. Hupita mtu akajiuliza: lau wenye miaka 16 na 17 wangekuwamo, ingekuwaje? Twamwomba mwenye kujiuliza hivyo aache. Uingereza iliteremsha umri kutoka 21 hadi 18 kwa sheria ya 1969, chini ya serikali ya Harold Wilson, na mwezi wa Juni 1970, uchaguzi mkuu wa kwanza wa vijana hao, Wilson akaanguka. Marekani ilibadilisha katiba mwaka 1971 ikawapa kura wenye miaka 18, wakati vijana wa umri huo walipokuwa wakipelekwa Vietnam kwa nguvu ya sheria. Watu wakadhani kwamba vijana watamwangusha Nixon. Mwaka uliofuata Nixon akashinda katika majimbo 49 kati ya 50. Kijana ukimpa kura humpi ili akulipe. Huenda vijana wetu wakaitazama historia yetu sisi sote, wa chama hiki na wa chama kile, wakaona ni ugomvi wa babu zao, wakatafuta njia yao. Anayetaka kuwapa kura kwa sharti la kuwa watatupa sisi, na asubiri. Huyo bado hajafika umri wa kuzungumza nasi jambo hili.

Basi rai yetu, yaani rai ya walio wengi katika Kamati na si ya wote, ni kwamba chama kidai miaka 16 kwa chaguzi za Zanzibar, kwa kubadilishwa kifungu cha 7 cha Katiba ya Zanzibar; kwamba dai hilo lifungamane na cheti cha kuzaliwa na orodha za shehia kama tulivyoeleza; na kwamba, ikiwa Serikali itaona hatua hiyo ni ndefu mno, tuwe tayari kuanza na kura ya Diwani peke yake kwa muhula mmoja, kama walivyoanza Malta na mabaraza yao. Wenzetu walio wachache wao wanasema tudai kwanza daftari safi, na umri baadaye. Hoja yao si dhaifu, na mmoja wao atakuja kuisema hapa baada yetu. Matawi yote yaombwa kulizungumza na kumletea Katibu jawabu kwa maandishi, ikiwa ni ndiyo au la, na sababu zake. Jawabu lisemalo "Kamati iamue" halitapokewa.

Bwana Mwenyekiti, kabla hujafungua mlango wa masuala, twaomba mlango wenyewe ufunguliwe, wale walioko ngazini waingie. Nafasi iko, wazee watasogea. Na suala la kwanza twaomba litoke kwao.